Mwalimu Anapojipima kwa Wastani na Malengo

Wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, maswali wanayotuletea sisi wakufunzi huwa ya namna mbili. Yapo maswali ya mbinu: namna ya kuligawa darasa kubwa katika vikundi, namna ya kutengeneza zana kwa vifaa vilivyopo kijijini, namna ya kumtuliza mtoto mtundu bila kiboko. Hayo huulizwa mbele ya wenzao wote. Na lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, wenzao wakisha kutoka: je, mimi nafaa kuwa mwalimu? Ukimsaili muulizaji, utaona kwamba swali lake limejengwa juu ya hesabu. Azimio la kazi lilimtaka afike mada ya juma la nane, naye alikuwa bado katika juma la sita. Wastani wa darasa lake katika jaribio ulikuwa 41, na wa mwenzake katika mkondo wa pili ulikuwa 56. Mkufunzi aliyemtembelea alimpa B, na mwenzake waliyepanga naye chumba alipata A. Kwa hesabu hizo tatu amekwisha kujihukumu.

Makala haya yanamhusu mwanachuo huyo. Nia yake si kumbembeleza. Nia ni kuonyesha kwamba vipimo hivyo vitatu, ingawa kila kimoja kina kazi yake, haviwezi kulijibu swali aliloliuliza. Na kwamba mwalimu anayeendelea kujipima navyo hupoteza kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya badala yake, yaani kumtazama mtoto aliye mbele yake na kujua anafikiri nini.

Jibu moja, watoto wawili

Tuchukue mfano wa Hisabati wa darasa la pili au la tatu, maana hapo jambo hili huonekana wazi. Mwalimu amefundisha kutoa namba zenye tarakimu mbili, na sasa anatoa jaribio la maswali kumi. Maswali manne hayahitaji kuchukua kumi moja kutoka katika makumi, mathalani 53 - 21. Sita yanahitaji, mathalani 42 - 17. Anasahihisha, anajumlisha alama, anaziandika katika orodha. Watoto wawili wamepata 4 kati ya 10. Katika orodha wamefungana, na katika ripoti ya muhula watakuwa na nafasi moja.

Sasa tuyafungue madaftari yao. Katika swali la 42 - 17 wote wawili wameandika 35. Mwalimu mwenye haraka atasema kwamba kosa ni moja na dawa yake ni moja. Lakini tuendelee kusoma. Kwa 60 - 24, mtoto wa kwanza ameandika 44 na wa pili ameandika 46. Kwa 71 - 38, wa kwanza ameandika 47 na wa pili 43.

Mtoto wa kwanza hutoa tarakimu ndogo katika tarakimu kubwa bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Amesema 7 toa 2 ni 5. Amesema 4 toa 0 ni 4. Amesema 8 toa 1 ni 7. Yamkini aliambiwa katika darasa la kwanza kwamba kubwa haitoki katika ndogo, naye amelitii neno hilo kwa uaminifu wote. Mtoto wa pili anajua kwamba lazima achukue kumi, na amechukua: 12 toa 7 ni 5, 10 toa 4 ni 6, 11 toa 8 ni 3. Alilosahau ni kwamba ukisha kuchukua kumi moja, makumi yanayobaki hupungua kwa moja. Katika swali la 42 - 17 njia zao mbili zimekutana kwa bahati tu katika jibu moja.

Watoto hawa wanahitaji masomo mawili yaliyo mbali sana. Wa kwanza bado hajaona kwamba 42 ni makumi manne na mamoja mawili, na kwamba fungu la kumi laweza kufunguliwa. Huyo arudishwe kwenye vijiti vilivyofungwa kumi kumi, alifungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe, ahesabu, alifunge tena, hata azoee. Yaweza kuchukua juma zima. Wa pili anajua kufungua fungu. Anahitaji kutazama tu kwamba fungu lililofunguliwa halipo tena mahali pake. Kwa huyo huenda dakika 10 zikatosha. Alama ya 4 haikusema lolote katika haya. Wastani wa darasa, ambao ni alama za watoto wote zilizotiwa katika chungu kimoja na kukorogwa, umesema kidogo zaidi ya hapo.

Mwanachuo aliyeyasoma madaftari hayo jioni ile, akayajua hayo, amefanya kazi ya ualimu, hata kama wastani wake ni 41. Na yule mwenzake wa 56? Labda naye ameifanya, labda hakuifanya. Namba yake haituambii. Huenda watoto wake walitangulia kufundishwa vema na mwalimu wa mwaka uliopita, huenda wengi wao wana kaka na dada wanaowasaidia nyumbani, huenda jaribio lake lilikuwa na maswali mepesi zaidi. Kuziweka 41 na 56 ubavu kwa ubavu na kutoa humo hukumu juu ya walimu wawili ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la ualimu.

Wastani ulikotoka

Mashuleni neno wastani limekuwa neno la hukumu. Mtoto aliye chini ya wastani huhesabiwa kuwa na kasoro, na mwalimu mwenye darasa lililo chini ya wastani wa wilaya huona haya kikaoni. Yafaa mwanachuo ajue asili ya desturi hii.

Mtu aliyelieneza wazo la mwanadamu wa wastani ni Adolphe Quetelet, mwanafalaki wa Ubelgiji, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1835. Wanafalaki wa zama zake walikuwa na desturi ya kupima mahali pa nyota mara nyingi na kushika wastani wa vipimo hivyo, kwa kuwa kila kipimo kimoja huwa na kosa dogo la mpimaji. Kwa nyota, desturi hiyo ina maana, kwani nyota ni moja, na vipimo vinavyotofautiana ni makosa. Quetelet aliitoa kwa nyota akaipeleka kwa watu. Hapo mambo yakageuka: mtu wa wastani, ambaye hayupo popote, akawa kama ndiye wa kweli, na watu walio hai wakawa kama makosa ya kupima.

Zaidi ya miaka 100 baadaye jeshi la anga la Marekani lilikuja kujifunza gharama ya wazo hilo. Vyumba vya marubani katika ndege zake vilikuwa vimetengenezwa kwa vipimo vya rubani wa wastani. Luteni mmoja, Gilbert Daniels, alivichambua vipimo vya marubani 4,063. Alichagua vipimo 10 vya mwili, kama vile urefu na upana wa kifua, kisha akatafuta ni marubani wangapi waliokuwa karibu na wastani katika vyote 10. Taarifa yake ilitoka mwaka 1952: hakuwapo hata mmoja. Chumba kilichotengenezwa kumfaa kila mtu hakikumfaa mtu yeyote. Jeshi likaanza kudai viti na mikanda inayoweza kurekebishwa kwa mwili wa kila rubani. Fundi cherehani yeyote wa sokoni angaliweza kuwaambia hayo bila gharama yoyote. Yeye humpima mteja ili apate kukata kitambaa. Hamlaumu mteja kwa kuwa mfupi.

Hata kipimo cha akili, ambacho kimewatesa watoto wengi duniani, kilianza na nia ya fundi cherehani. Alfred Binet na Théodore Simon walikitunga Ufaransa mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Binet mwenyewe alilipinga vikali wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichokwisha kuwekwa kisichoweza kuongezeka. Alifariki mwaka 1911, na wengine wakakichukua kipimo chake wakakitumia kuwapanga watu kutoka juu hadi chini.

Kuhusu kupanga huko, mwanachuo na afanye hesabu ndogo. Katika darasa la watoto 60, ukiwapanga kwa nafasi, watoto 30 watakuwa katika nusu ya chini, na mmoja atakuwa wa 60. Itakuwa hivyo hata kama wote 60 wanasoma kwa ufasaha. Itakuwa hivyo pia kama hakuna hata mmoja ajuaye kusoma. Nafasi haikwambii mtoto anajua nini. Inakwambia ameketi wapi katika foleni. Hivyo yule mtoto wa 60 anaposomewa nafasi yake kwa sauti kubwa siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi, anajifunza jambo ambalo mwalimu hakukusudia kulifundisha na ambalo huenda si la kweli. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023 liliacha desturi ya kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Ikiwa Baraza limeweza kuiacha kwa taifa zima, mwalimu wa darasa la tatu ataona kwamba naye anaweza.

Fedha kwa kila jibu

Kuhusu malengo yanayowekwa kwa namba, historia inayo mifano miwili ambayo kila mwalimu wa shule ya msingi angepaswa kuijua: mmoja wa mbali na mmoja wa hapa kwetu.

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa shauri la Robert Lowe, iliweka kanuni mpya ya kuzilipa shule ruzuku. Kwa mtoto aliyepita umri wa miaka 6, shule ilipata shilingi 4 kwa mahudhurio, na shilingi 8 nyingine zilitegemea mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu. Mtoto aliposhindwa somo moja, shilingi 2 na peni 8 zilikatwa. Mkaguzi alifika shuleni na kumtahini kila mtoto, mmoja mmoja. Kanuni hiyo iliyapanga maarifa katika ngazi sita, na jina la Kiingereza la ngazi hizo ndilo lililovuka bahari likawa jina la madarasa katika makoloni. Wazee wetu wanaposema kwamba walisoma hadi standadi foo, wanalitaja bila kujua neno lililotoka katika kanuni ya ruzuku.

Matokeo yake yalikuwa nini? Walimu, ambao mishahara yao mara nyingi ilifungwa na ruzuku hiyo, walifundisha kile kilicholipwa. Historia na jiografia zilinyauka. Watoto walikaririshwa kitabu cha kusomea mwaka mzima hata wakaweza kukitamka bila kukitazama, kwa maana mtihani ulitoka katika kitabu hicho. Matthew Arnold, mshairi mashuhuri ambaye pia alikuwa mkaguzi wa shule, aliandika taarifa baada ya taarifa kueleza kwamba mafundisho yamekuwa ya mashine. Utaratibu huo ulianza kuvunjwa mwaka 1890, na karne haikuisha kabla haujaondoka. Kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kupita ndani yake.

Mfano wa hapa kwetu ni wa karibu zaidi, na baadhi ya wasomaji wa makala haya walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi wakati huo. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2012 watahiniwa waliofaulu hawakufika theluthi moja. Mwaka 2013 ukaanzishwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao katika elimu uliweka lengo la kufaulu la asilimia 60 mwaka huo, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Shule zilipangwa kwa matokeo yake na nafasi zikatangazwa. Mtu hawezi kuilaumu nia. Hali ya mwaka 2012 ilimtia uchungu kila mpenda elimu. Lakini watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2021, waliona mambo mawili kwa pamoja. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliongeza kweli kiwango cha kufaulu. Na shule hizo ziliwaacha nje baadhi ya wanafunzi, wasiwemo katika darasa la mwisho litakalofanya mtihani.

Ningependa mwanachuo asimame hapo kidogo. Asilimia ya kufaulu hupanda kwa njia mbili: waliofaulu kuongezeka, au waliofanya mtihani kupungua. Katika daftari la takwimu njia hizo hazitofautiani. Kwa mtoto aliyeambiwa arudie darasa la sita, au aliyeachwa akatoroka bila mtu kumfuata, tofauti ni maisha yake yote. Na siamini kwamba walimu wa shule hizo walikuwa watu wabaya. Hakuna aingiaye ualimu kwa nia ya kumpoteza mtoto. Mambo haya huja polepole: kwanza mwalimu anamwona mtoto dhaifu kuwa mzigo katika hesabu yake, kisha anaacha kumwuliza maswali, kisha hahangaiki anapokosa siku tatu, kisha anapata nafuu asipomwona. Mwanzo wa njia hiyo ni mahali padogo sana, nao ni pale mwalimu anapoisoma alama ya mtoto kama alama yake mwenyewe.

Azimio la kazi na mtoto aliyebaki nyuma

Huenda msomaji akauliza: je, tutupe azimio la kazi na malengo ya somo? La hasha. Azimio la kazi humlinda mtoto dhidi ya mwalimu anayependa ngano na kuchukia hesabu, ambaye bila azimio angesimulia ngano hadi mwisho wa muhula. Mitihani nayo huionyesha wilaya mahali pa kupeleka vitabu na walimu. Tunachokiacha ni desturi ya kuvigeuza vyombo hivi kuwa kioo cha kujitazamia uso.

Azimio liliandikwa kabla muhula haujaanza, na mtu ambaye hakuwa amewaona watoto hawa. Linasema nini kifundishwe na kwa utaratibu gani. Haliwezi kujua kwamba mvua ilikata barabara siku nne, wala kwamba watoto tisa bado wanatoa ndogo katika kubwa. Mwanachuo anayekwenda kwenye kugawanya kwa sababu tu juma la saba limefika, huku watoto tisa hawajui kutoa, hajaenda mbele. Kugawanya kwa njia ndefu kunatumia kutoa katika kila hatua. Watoto hao tisa watakosea hapo pia, na kosa litakuwa limefichwa ndani zaidi.

Katika andalio la somo ipo sehemu ya tathmini na sehemu ya maoni. Nimesoma maandalio mengi, na sehemu hizo hujazwa kwa maneno yaleyale: somo limeeleweka, wanafunzi wengi wamefaulu, asilimia 80 wameweza. (Asilimia hii ya 80 ni ya ajabu. Hupatikana katika madarasa ya watoto 35 na ya watoto 110, shuleni na shuleni, mwaka hata mwaka.) Maneno hayo huandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja kukagua. Jaribu kuyaandika kwa ajili ya mwalimu atakayesimama mbele ya darasa lile kesho asubuhi, ambaye ni wewe. Yatakuwa hivi: "Watoto 9 hutoa tarakimu ndogo katika kubwa. Watoto 5 huchukua kumi bila kupunguza makumi. Kesho nianze na vijiti kwa wale 9. Wale 5 wafanye maswali matatu ubaoni huku wakieleza." Maoni ya namna hiyo humridhisha pia mthibiti ubora mwenye busara. Na mwalimu mkuu atakapouliza kwa nini uko nyuma ya azimio, utakuwa na jambo la kumwonyesha kwa heshima, badala ya kuomba radhi.

Cha kutazama badala yake

Anayeacha kujipima kwa namba hizo hapaswi kubaki mikono mitupu, la sivyo atazirudia baada ya siku tatu. Nitaeleza ninayowashauri wanachuo wangu. Si mambo makubwa.

La kwanza ni daftari dogo la mfukoni. Kila siku chagua watoto watano kabla ya kuingia darasani, na siku hiyo uwatazame hao kwa makini: namna wanavyoshika penseli, wanavyokisia neno wasilolijua, mahali wanapokwama. Jioni andika mstari mmoja kwa kila mmoja. Usiandike alama. Andika ulichokiona: "Anasoma herufi moja moja, akifika mwisho wa neno amesahau mwanzo." Katika darasa la watoto 70 utakuwa umewamaliza wote kwa siku 14 za kazi, na waanza upya. Mzunguko wa pili ndio wenye faida, kwa kuwa sasa waweza kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe wa majuma matatu yaliyopita. Mlinganisho huo ni wa haki, na aghalabu hukupa cha kufanya. Usiwachague watano walio mbele. Fuata orodha ya mahudhurio kutoka juu hadi chini, vinginevyo utashangaa mwisho wa mwezi kuona ni watoto wangapi hujawahi kuwatazama.

Kuhusu mwenzako aliyepata A, nenda ukakae darasani mwake. Usiende kulinganisha, nenda na swali moja. Mathalani, tazama anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mtoto au kujijibu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1970, akaona kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Sekunde 3 za ukimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko zinavyosikika hapa. Mwalimu mgeni huziona kama aibu. Ukimwona mwenzako anaziweza, umepata kitu cha kuchukua. Ukirudi umeandika tu kwamba yeye ni hodari kuliko wewe, hukuchukua chochote.

Na kuhusu siku ya mkufunzi. Najua wanachuo hupeana habari gari linapoonekana barabarani. Najua pia kwamba yapo masomo yaliyokwisha kufundishwa jana na kurudiwa leo kwa ajili ya mgeni, watoto wakinyoosha mikono kabla swali halijakwisha. Mkufunzi aliyefundisha shule ya msingi huligundua somo hilo katika dakika tano za kwanza, maana hakuna mtoto anayekosea. Darasa ambalo hakuna akoseaye ama linajua tayari ama linaogopa. Herufi utakayopewa siku hiyo inahusu kipindi kimoja cha asubuhi moja. Chuo kinaihitaji kwa kumbukumbu zake, nawe uipokee hivyo. Mimi binafsi, fomu ikisha kujazwa, huomba kuona madaftari ya watoto watatu, kisha humwuliza mwanachuo anieleze kila mmoja wao anafikiri nini. Wapo waliopata alama ya juu wakanyamaza hapo. Yupo mmoja aliyetetemeka kipindi kizima, chaki ikamwanguka mara mbili, lakini alizungumza juu ya watoto wale watatu kwa robo saa, akitaja kosa la kila mmoja na dawa aliyokwisha kuijaribu. Nilimwambia arudi darasani, kengele ilikuwa imelia.

Zoezi

Mtoto wa tatu katika jaribio lile la maswali kumi alipata 6, naye katika orodha amewekwa miongoni mwa waliofaulu. Haya ni baadhi ya majibu yake:

53 - 21 = 22
42 - 17 = 25
68 - 45 = 13
60 - 24 = 36
71 - 38 = 33

Kabla ya kujadiliana na wenzako, andika: mtoto huyu anafuata kanuni gani? Ungemwuliza swali gani moja ili kuthibitisha? Je, anahitaji msaada pungufu kuliko wale wawili waliopata 4, au zaidi? Kisha chukua madaftari ya watoto watatu wa darasa unalofundisha juma hili, ufanye vivyo hivyo, na uje nayo kwenye kipindi cha mbinu.